Haragwe la Pembeni

Haya hayakutokea zamani sana, maana wengi waliohusika bado wako kazini na mmoja wao amepandishwa cheo. Yalitokea katika Jamhuri ya Tutaona, nchi ambayo hutaikuta kwenye ramani, na ukiikuta ujue mchora ramani amekosea. Jina lake lilitokana na jibu ambalo waasisi waliwapa wananchi siku ya kwanza walipoulizwa habari ya maji ya bomba. Jibu likawakaa vizuri mdomoni, likawa jina la nchi, na tangu hapo hakuna Mtutaona aliyewahi kukosa jibu.

Huko kuna mji mdogo uitwao Pembeni, wenye soko moja, mashine moja ya kusaga na shule moja ya serikali. Mwalimu mkuu wa shule hiyo aliitwa Hilali Ngwembe. Alikuwa mtu mwema. Nalisema hili mapema, kwa kuwa mbele ya safari mtashawishika kufikiri vingine, na wa kwanza kuwashawishi atakuwa yeye mwenyewe.

Kila Jumatatu gwarideni Mwalimu Hilali alikohoa kidogo, akafunga kifungo cha koti, akanena.

"Elimu bora," alisema, "haiko ng'ambo, wala haiko kwenye majengo ya vioo. Iko hapa hapa, chini ya paa lile."

Wanafunzi waligeuka kulitazama paa lile. Wa madarasa mengine waliona bati. Wa darasa la tano waliona mbingu.

Masika ya mwaka fulani upepo uling'oa bati moja juu ya darasa lao. Bati lenyewe halikwenda mbali. Liliokotwa shambani kwa jirani, likawekwa stoo pamoja na misumari yake. Kilichokosekana ni ngazi ya kupandia. Mwalimu Hilali hakuwa mtu wa kuparamia mambo, akaandika kwa utaratibu kuomba ngazi. Ombi likapokewa ngazi ya kata. Kata ikaona jambo ni zito, ikalipeleka ngazi ya wilaya. Wilaya ikalipandisha ngazi ya mkoa, na mkoani ofisa mmoja akadhani mwalimu anaomba ngazi ya mshahara, akamjibu kwa ukali kwamba ualimu ni wito. Hilali akaandika tena kufafanua. Kwa hiyo ombi la ngazi lilikuwa limepanda ngazi zote za nchi bila kupata hata moja, na kila masika yalipokaribia alilikumbushia kwa heshima.

Darasa la tano halikumsubiri. Mvua ikianza walisogeza madawati upande wa mlangoni, wakabanana kama kuni kwenye mzigo, na jua likitoka walirudi. Siku za jua, doa la mwanga lililopita tunduni likifika kwenye kona ya ubao, walijua ni saa ya mapumziko. Hawakuwa na saa nyingine, na ile haikuwahi kuharibika.

Sasa niwaambie siri ya Mwalimu Hilali, ambayo yeye aliamini haijui mtu. Alikuwa na binti mmoja, Sikudhani, wa umri wa darasa la tano. Kila asubuhi, kabla baba hajafika shuleni kusema elimu bora iko hapa hapa, alimshika binti yake mkono, wakapita vichochoroni hadi nyuma ya mashine ya kusaga. Hapo lilikuja basi la njano la Akademia ya Kilele cha Vilele, shule ya kulipia iliyo upande wa pili wa bonde, likamchukua. Hilali alijibanza ukutani mpaka basi lipotelee, akajipangusa unga begani, akaenda kazini.

Alijua anachofanya, na alijicheka. Kinyozi hajinyoi, alijiambia. Mpishi gani hula hotelini kwake? Tena alikuwa na sababu nzuri kuliko mzazi yeyote wa Pembeni. Wengine walisikia tu kwamba shule ni mbovu, yeye alikuwa anaiongoza. Mwalimu wake wa hesabu, Kolumba, alikuwa nje ya kazi muda mrefu kwa ugonjwa wa mgongo, na ruhusa ya kuuguza mgongo huo ilikuwa imesainiwa na Hilali mwenyewe, kwa huruma.

Siku ya kumwandikisha Sikudhani kule Kilele aliona magari yaliyoegeshwa, akaona haya. Akainama, akamnong'oneza binti yake, "Wakikuuliza baba anafanya kazi gani, sema mkurugenzi."

"Mkurugenzi wa nini, baba?"

"Mkurugenzi tu. Hawaulizi zaidi ya hapo."

Na kweli, hawakuuliza.

*

Ijumaa moja jioni Mwalimu Hilali alikuwa juu ya ngazi, nyumbani kwake, anazungusha antena ya televisheni. Hiyo ndiyo ilikuwa ibada yake ya kila Ijumaa, kwa sababu antena yao ilishika taarifa ya habari pale tu ilipokumbatiwa na mtu. Wapita njia walimzoea. Hata wakati huo mwanafunzi wake mmoja, Chausiku, alikuwa akipita na ndoo ya maji kichwani.

"Shikamoo Mwalimu."

"Marahaba, Chausiku. Umefanya kazi ya nyumbani?"

"Hatukupewa, Mwalimu."

"Vizuri. Endelea hivyo hivyo."

"Kushoto," alisema mkewe, Bi Asumini, kutoka ndani. "Kushoto kidogo. Hapo hapo, usipumue. Waziri anaongea."

Ndivyo Mwalimu Hilali alivyoisikia Sera ya Taifa ya Makande akiwa ameshika waya, pumzi ameibana. Aliyekuwa anaongea ni Waziri wa Elimu Bora na Mwonekano Wake.

"Ndugu wananchi," alisema Waziri, "wataalamu wetu wamefanya utafiti wa kina katika nchi zenye hoteli nzuri. Wamegundua kwamba shule ni chungu. Chungu cha makande kinahitaji mahindi na kinahitaji maharagwe. Mahindi ni watoto wa wenzangu na mimi, wasio na pa kwenda. Haragwe ni mtoto ambaye mzazi wake ana uwezo wa kumpeleka kwingine na hakumpeleka. Shule yenye mahindi matupu si makande, ndugu zangu. Ni mahindi. Na serikali yenu tukufu haiwezi kuendelea kuchochea moto chini ya mahindi."

Makofi yalipigwa. Waziri akatangaza kwamba wakaguzi watapita kila shule, na shule yoyote ya mahindi matupu itafungwa, wanafunzi wake wahamishiwe shule jirani. Kwa Pembeni shule jirani ilikuwa ng'ambo ya milima miwili na mto usio na daraja. Mwandishi mmoja aliuliza habari za watoto wa Waziri, wanaosoma nchi za mbali. Waziri akaeleza kwa upole kwamba hao ni maharagwe ya kuuza nje, yanayoliingizia taifa heshima.

Juu ya ngazi Mwalimu Hilali aliendelea kuishika antena. Aliwapitia kichwani watoto wa shule yake, darasa kwa darasa, akitafuta hata mmoja ambaye mzazi wake angeweza kumpeleka kwingine. Diwani alikwishampeleka wake. Mganga wa zahanati alikwishampeleka. Mwenye mashine ya kusaga alikwishampeleka. Waliobaki walikuwa wenzangu na mimi watupu, na wakifungiwa shule hawatapanda milima miwili. Watabaki nyumbani, na Chausiku ataendelea na ndoo yake.

"Picha inaonekana?" aliuliza kwa sauti ya chini.

"Inaonekana," alijibu Bi Asumini. "Afadhali isingeonekana."

Hajashuka bado, hodi ikapigwa langoni. Alikuwa Madamu Leokadia, mwenye Akademia ya Kilele cha Vilele, mama mnene mchangamfu mwenye viatu vya kisigino kirefu ambavyo vilikuwa vinazama kwenye mchanga wa Pembeni.

"Mwalimu, umesikia?" alisema, akiwa ameinua uso. "Na sisi tumo. Shule za kulipia zisizo na mahindi zinahesabiwa ni mboga. Wanasema maharagwe matupu hayana uzalendo."

"Pole, Madamu."

"Pole haifungui shule. Sasa sikiliza. Wewe una mahindi, mimi nina maharagwe. Ratiba nimeshaiona: ukaguzi wako ni Jumanne ya mwisho wa mwezi ujao, na wangu ni Jumanne hiyo hiyo, ila mkaguzi mwingine. Asubuhi nakuletea nusu darasa, unanipa nusu darasa, jioni kila mtu na mzigo wake."

"Huo ni udanganyifu, Madamu."

"Huu ni ujirani mwema. Udanganyifu ni kumwita mwalimu mkuu mkurugenzi."

Mwalimu Hilali akashuka ngazi pole pole. Alipofika chini walikuwa wameshakubaliana.

Usiku huo, kwa bahati iliyokosa adabu, chakula kilikuwa makande. Sikudhani alikula kama alivyozoea, akichambua haragwe moja moja na kuacha mahindi yakipanga mstari ukingoni mwa sahani.

"Kula na mahindi," Bi Asumini alimwambia. "Kila siku unachagua maharagwe tu. Mwenzio akija baadaye atakuta nini?"

Mwalimu Hilali akafungua mdomo amuunge mkono mkewe, ndipo alipotazama sahani yake mwenyewe. Na yeye alikuwa na mstari wa mahindi. Akayala yote kimya kimya, yakamkaa tumboni hadi asubuhi.

*

Jumanne ya ukaguzi ikafika na wingu zito. Basi la njano likaingia mchana kweupe kwa lango la mbele, jambo ambalo halijawahi kutokea. Wakashuka watoto wenye soksi ndefu nyeupe, na kati yao Sikudhani, ambaye alimtazama baba yake kama mtu anayekutana na jirani ugenini. Wa mwisho kushuka alikuwa mwalimu wao msindikizaji. Alikuwa Kolumba.

Wakatazamana.

"Shikamoo Mwalimu Mkuu," alisema Kolumba.

"Marahaba. Mgongo unaendeleaje?"

"Unaendelea, Mwalimu. Huku unauma, kule unapoa."

Mwalimu Hilali alitaka kukasirika, lakini hasira ilifika kooni ikajikwaa. Alimtoa mwanawe shuleni kwake kwa sababu hapakuwa na mwalimu wa hesabu, akampeleka kwa gharama kubwa kule alikokwenda mwalimu wa hesabu, na mwalimu huyo alikwenda kule kwa sababu ndiko walikokwenda watoto kama wa Hilali. Alizunguka mzunguko huo mara kadhaa kichwani akitafuta mtu wa kumlaumu, na kila alipofika mwisho alijikuta amesimama yeye.

"Ingia darasani, Kolumba," alisema. "Angalau leo wataona sura yako."

Mkaguzi Mkuu wa Makande, Dokta Nolasko, aliwasili katika gari lenye bendera. Alikuwa mtu mrefu mwenye sauti ya kanisani, na shingoni alivaa mwiko mdogo wa fedha, alama ya ofisi yake. Hakuuliza vitabu viko wapi wala vyoo viko wapi. Alikwenda moja kwa moja darasa la tano, ambalo Hilali alikuwa amelipanga vizuri, maharagwe mbele, mahindi nyuma.

"Hamjambo watoto?"

Mahindi walijibu hawajambo. Maharagwe walijibu kwa Lugha ya Kule, maana Kilele cha Vilele ilikuwa mwiko kuongea lugha ya nyumbani. Walisema kitu kirefu chenye mapambo. Dokta Nolasko hakuelewa hata neno, akaitikia kwa kichwa kwa heshima kubwa, na Hilali akaanza kupumua.

Hapo mvua ikanyesha.

Ilianza tone moja moja. Kabla tone la tatu halijagusa sakafu, watoto wa Pembeni walikwishainuka pamoja, bila kuambiana, wakabeba madawati yao na kubanana mlangoni. Wale wa Kilele walibaki wameketi chini ya tundu, mikono wameikunja kama walivyofundishwa, maji yakiwachuruzika usoni. Walidhani ni sehemu ya somo. Mmoja tu hakulowa. Chausiku alikuwa amemvuta Sikudhani kwa mkono wa shati, akamsogezea nafasi kwenye dawati lake, kama ambavyo mtu yeyote angefanya.

Dokta Nolasko alitazama waliolowa. Akatazama waliokauka. Akaushika mwiko wake.

"Mwalimu Mkuu," alisema, "mimi nimekagua vyungu vingi. Mtoto anayesoma humu anajua mvua inaingilia wapi. Hawa ni maharagwe ya kuazima. Hata hilo basi la njano, jana nililikuta shule nyingine."

Nyuma, Kolumba alishika mgongo.

"Lakini huyu mmoja hajalowa," Dokta Nolasko aliendelea, akimwelekezea Sikudhani mwiko. "Na soksi zake ni nyeupe. Mtoto, baba yako anafanya kazi gani?"

Sikudhani alisimama. Alimtazama baba yake, aliyekuwa amesimama pale pale karibu na ubao, hatua chache tu. Akakunja mikono vizuri.

"Ni mkurugenzi," alisema.

"Mkurugenzi wa nini?"

"Mkurugenzi tu."

Alilisema kwa adabu, bila kukosea, jinsi alivyofundishwa. Mwalimu Hilali alikuwa amekanwa na mwanawe ndani ya shule yake mwenyewe, na maneno ya kumkana alimpa yeye.

"Basi na huyu ni wa kuazima," alisema Dokta Nolasko, akauinua mwiko juu. "Kwa mamlaka niliyopewa na Sera ya Makande, natamka kwamba shule hii ni mahindi ma—"

"Samahani, shikamoo," alisema Chausiku.

Mwiko ukasimama hewani.

"Huyu ni mtoto wa Mwalimu Mkuu," alisema Chausiku. "Angalia masikio. Sisi humwona kila siku nyuma ya mashine ya kusaga, anapanda basi. Mwalimu akijibanza ukutani, sisi tunazunguka kwa njia ya sokoni, ili asione aibu."

Darasa zima la mahindi liliitikia kwa kichwa. Walikuwa wakizunguka kwa njia ya sokoni muda wote huo, na ndiyo sababu, Mwalimu Hilali alikumbuka sasa, walikuwa wakichelewa gwaride, na ndiyo sababu alikuwa akiwachapa.

Dokta Nolasko aliushusha mwiko taratibu, na uso wake ukabadilika. Hakukasirika. Alionekana kama mtu aliyeokota dhahabu kwenye mchele.

"Mwalimu Mkuu," alisema kwa sauti ya chini, "unajua sheria inasemaje juu ya mtoto wa mwalimu mkuu? Hilo ni haragwe la daraja la kwanza. Likiwemo moja tu, chungu kizima kinahesabiwa ni makande, shule inabaki wazi. Tangu sera itangazwe sijaliona hata moja nchi nzima. Nilianza kudhani ni hadithi." Akasogea karibu. "Ila lazima nikuonye. Haragwe likishatumbukizwa halitolewi. Siku utakayomtoa, siku hiyo hiyo naifunga shule. Sasa nakuuliza mbele ya mashahidi. Huyu ni mwanao, anasoma hapa, au si wako na anarudi na basi?"

Ningependa kusimulia kwamba Mwalimu Hilali alifikiria wakati huo mustakabali wa watoto wa Pembeni, ile milima miwili, ule mto usio na daraja. Mwenyewe husimulia hivyo siku hizi akialikwa kwenye hafla. Lakini Bi Asumini akiwepo hukohoa, naye husahihisha. Ukweli ni kwamba alichofikiria kwanza ni hesabu ambayo Kolumba hatamfundisha tena Sikudhani, na mdomo wake ulikuwa umeshaanza kutengeneza "si wangu". Kisha akamwona binti yake amesimama amekunja mikono, anamsubiri mkurugenzi aseme. Baba asingeweza kukanwa mara mbili siku moja, tena mara ya pili ajikane mwenyewe.

"Ni wangu," alisema. "Anasoma hapa."

Sikudhani alikunjua mikono.

Dokta Nolasko alitoa hotuba ndefu. Alimsifu Hilali Ngwembe kuwa mfano wa imani, mtu ambaye angeweza kumpeleka mwanawe Kilele cha Vilele na hakumpeleka. Sikudhani alisikiliza maneno hayo akiwa amevaa tai ya Kilele cha Vilele. Kolumba alipiga makofi hadi akasahau mgongo. Mwishoni Mkaguzi akauliza kama shule ina ombi lolote dogo.

"Ngazi, mheshimiwa," alisema Hilali.

Dokta Nolasko alimshika bega kwa upendo. "Limefika ngazi yangu sasa," alisema. "Nitalipandisha."

Jioni basi likaja kuchukua waliolowa na kurudisha mahindi waliokuwa wamekopeshwa Kilele. Walirudi wameshiba mayai, na kwa siku kadhaa walikuwa wakiuliza ukaguzi mwingine ni lini.

*

"Kwa hiyo umemtumbukiza mwanangu chunguni," alisema Bi Asumini walipokuwa wamekaa uani. Hakupandisha sauti. Bi Asumini alikuwa mmoja wa watu ambao sauti yao ikishuka, hata kuku huondoka.

"Shule ingefungwa, mama Sikudhani."

"Sijasema umekosea. Nimesema umemtumbukiza. Nani atamfundisha hesabu?"

"Kolumba bado anaugua."

"Hilo najua. Nani atamfundisha?"

"Tutaona."

Bi Asumini aliinuka.

"Hilo kawaambie wananchi," alisema, akaingia ndani.

Kesho yake Mwalimu Hilali na Sikudhani walitoka nyumbani kwa njia kubwa, wakapita mbele ya mashine ya kusaga badala ya nyuma. Watu waliwaamkia. Mwenye mashine akatoka mlangoni na unga usoni ili aone vizuri. Basi la njano likawapita, na waliokuwa dirishani wakampungia Sikudhani mkono kama anayesindikizwa kwenda kuoza jela.

Mwalimu Hilali alipoingia darasa la tano na chaki mkononi, wanafunzi wote walisimama wakanyoosha viganja. Mwalimu mkuu alikuwa haingii darasani ila kwa fimbo.

"Tumekosa nini, Mwalimu?" aliuliza mmoja.

"Hamjakosa kitu. Kaeni. Leo tuna hesabu."

Walikaa kwa tahadhari. Yeye mwenyewe alikuwa na hofu kuliko wao, maana miaka ilikuwa imepita tangu asimame mbele ya ubao kwa kazi nyingine isiyokuwa matangazo. Akaanza na mgawanyo. Mwanzo alikosea, akafuta kwa mkono wa koti, akaanza upya. Akakumbuka jinsi alivyokuwa akigawanya machungwa enzi za ujana wake, akagawanya machungwa. Mtoto wa nyuma akacheka mahali palipostahili kuchekwa. Hilali akajisikia vizuri mpaka akaona aibu kwa jinsi alivyojisikia vizuri.

"Sasa wewe," alimwambia Chausiku. "Kama kuna kitu kipo, na hakijawafikia wanaokihitaji, tunauliza nini kwanza?"

"Tunauliza nani anacho," alisema Chausiku.

"Safi kabisa."

Hapo mvua ikaja. Darasa likainuka na madawati yake, na Sikudhani akainuka nalo. Alikuwa amejifunza siku moja tu na tayari alijua ashike kona ipi. Lakini alikuwa wa mwisho kwenye mstari, na kabla hajafika mlangoni matone yalimwingia shingoni, akainua mabega, akafunga macho, kisha akaendelea kubeba.

Mwalimu Hilali alisimama na chaki yake. Tundu lile alilijua kuliko mtu yeyote. Alikuwa ameliandikia kwa ufasaha, akaeleza upana wake, athari zake na historia yake. Miaka yote maji yalikuwa yakipita hapo na kuangukia shingo za watoto, na yeye aliyaona ni maji ya kuandikia barua. Sasa yameanguka kwenye shingo anayoijua ina alama ya tetekuwanga upande wa kulia, na mkono wake ukakataa kuandika.

"Nisubirini," alisema.

Alitoka mvuani bila koti. Mvua ilipokatika walimwona anarudi, amebeba ngazi begani, anahema. Akaenda stoo, akatoa bati na misumari, akaegemeza ngazi ukutani. Watoto wakatoka kuishikilia chini. Hilali alipanda, akagonga kidole gumba mara mbili, akasema neno ambalo halimo kwenye muhtasari wa masomo, akagonga misumari. Kazi nzima ilikwisha kabla mtu hajachemsha maji ya chai.

Alishuka ameloa, kidole kimevimba, na moyo umejaa. Kusema kweli alikuwa anasubiri makofi. Aliwaingiza darasani wakatazama juu, na mara ya kwanza tangu waingie darasa la tano hawakuona mbingu. Watoto wakafurahi, wakarudisha madawati, wengine wakauliza sasa watajuaje saa ya mapumziko. Sikudhani akamtazama baba yake kwa namna ambayo hajawahi kumtazama akiwa mkurugenzi.

Chausiku peke yake alikuwa bado nje. Alikuwa anaipapasa ngazi, kwenye kipandio cha juu kilicholainika kwa kukanyagwa, mahali ambapo mtu husimama kila Ijumaa akikumbatia antena.

"Mwalimu," alisema, "hii si ile ya nyumbani kwenu?"

"Ndiyo hiyo, mwanangu."

Chausiku akaitazama ngazi. Akamtazama Sikudhani, aliyekuwa amekaa sehemu kavu mle ndani. Akaitazama tena ngazi. Hakuwa na ubaya wowote. Alikuwa anapiga hesabu, kama alivyofundishwa asubuhi ile.

"Kumbe ulikuwa nayo," alisema.